Nyanya ya Uzi Mwekundu

Mwagilia kabla jua halijaamka, alisema Tsvetana
akiwa tayari juu ya machela, nyonga imevunjika,
mkono mmoja nje ya shuka ukinihesabia kazi kwa vidole
kama mama anayesafiri na kuacha watoto kwa jirani.
Shinani, si kwenye majani. Umenielewa, Radoslav?
Nilimwelewa. Nimeendesha treni miaka thelathini na moja,
maagizo nayajua.

Basi saa kumi na moja alfajiri
naburuta mpira wa maji uani kwake
na paka wake ananifuata nyuma kama mkaguzi wa tiketi.
Udongo umeota magaga.
Unakunywa kwa sauti, kisha kimya, kisha unakunywa tena,
na harufu inayopanda ni ya mvua
ambayo hatujaiona tangu mwanzo wa Julai.

Nang'oa magugu kabla hayajamwaga mbegu.
Nakata waridi zilizokauka, juu ya jani la tano
(alisisitiza: la tano).
Nakwanyua machipukizi kwapani mwa minyanya,
vidole vinageuka kijani, halafu vyeusi,
na sabuni haisaidii kitu.
Vitunguu nimevilaza juu ya chaga za kitanda cha zamani
shingo zipate kukauka.
Nyasi nimezitandaza chini ya pilipili
mpaka tuta zima limefunikwa gubigubi, kama mgonjwa wa homa.
Plamu zilizoanguka naziokota kwa tahadhari,
kila moja ina nyigu wake ndani, amelewa, hataki kuhama.

Saa nne mwanangu anapiga simu kutoka Plovdiv:
Baba, leo ni digrii thelathini na tisa, ingia ndani.
Naingia. Naivua kofia, naiweka mezani,
inasimama yenyewe kwa chumvi ya jasho.

Siku ya tisa niliteleza.
Shina la mwisho, karibu na ua wa mbao,
nyanya moja, kubwa kama ngumi mbili, imeiva hadi mabegani,
na uzi mwekundu shingoni.
Nikadhani uzi umefungwa kuzuia tawi lisivunjike.
Niliikata juu ya kibao chake, palepale barazani,
chumvi kidogo, kipande cha jibini,
nikala nimesimama, maji yakitiririka hadi kiwikoni.
Nisiseme uongo: nilifumba macho.

Jioni, simu ya hospitali.
Ile yenye uzi usiiguse, alisema. Ni ya mbegu.
Mama alikuja nayo kwenye pindo la gauni
siku walipohamishwa, bwawa lilipomeza kijiji.
Kila mwaka naacha moja tu, iliyo nzuri kuliko zote.
Radoslav? Upo?

Nipo, nilisema. Mtandao mbaya.
Maisha yangu yote ya reli
sikuwahi kupita taa nyekundu.

Nikarudi barazani na tochi.
Sisimizi walikuwa wametangulia.
Kwa ncha ya kisu niliokota mbegu moja moja kwenye mikwaruzo ya kibao,
nyingine kwenye mkono wa shati,
na mbili, Mungu anisamehe, kwenye masharubu.
Kumi na saba.
Nimezilowesha, nimezisugua ute,
nimezitandaza juu ya gazeti, ukurasa wa kandanda,
na usiku ule nililala sebuleni kwake kumlinda paka asizikanyage.

Kesho ni siku ya kumtembelea.
Nitambebea waridi, pilipili za kuchoma kama watamruhusu,
na gazeti nimelikunja ndani ya bahasha.
Atazihesabu. Namjua.
Ataniangalia masharubu.

Lakini hiyo ni kesho.
Sasa hivi mpira unavuja pale kwenye kiungio,
pilipili zimeinamisha majani,
na paka amekaa juu ya ndoo,
ananisubiri.